Ninakubatiza, si tunakubatiza

Mwaka 2020 Vatikano iliulizwa swali ambalo kwa Kiswahili lingehusu silabi moja tu. Anayebatiza humwaga maji juu ya kichwa cha mtoto akisema, "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Je, akisema "Tunakubatiza", mtoto huyo amebatizwa? Jibu lilitangazwa tarehe 6 Agosti, nalo lilikuwa fupi kuliko swali lenyewe: hapana. Na waliokwisha kumwagiwa maji kwa maneno hayo? Wabatizwe, kwa kuwa hawajabatizwa.

Watu wengi walikasirika, na hasira yao naielewa. Mtoto amevikwa nguo nyeupe, mshumaa umewashwa, mama analengwalengwa na machozi, wasimamizi wamejibu "Nakataa" na "Nasadiki" mahali pake. Aliyebadili maneno hakuwa na nia ya kuzusha uzushi. Maelezo yaliyoambatana na jibu hilo yalitaja wahudumu waliobatiza kwa jina la baba na mama, la wasimamizi, la babu na bibi, la marafiki, la jumuiya nzima, wakitaka kila aliyekuwapo ajione amehusika. Nia njema tupu. Ndipo mtu anauliza: kweli Mungu amgeuzie mtoto mgongo kwa sababu ya "ni" na "tu"?

Mungu hamgeuzii mtoto mgongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inasema kwamba Mungu ameuunganisha wokovu na sakramenti ya Ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Swali lililoulizwa lilikuwa jingine kabisa: kitendo hiki, kama kilivyofanyika siku ile, ni kile ambacho Kristo alilikabidhi Kanisa lake, au ni kitu kingine kinachofanana nacho? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kupima machozi ya mama wala moyo wa padre. Linajibiwa kwa kuangalia kilichofanyika.

Huko Marekani padre mmoja kijana aliposikia jibu la Vatikano aliitazama video ya ubatizo wake, iliyopigwa na familia akiwa mtoto mchanga. Akamsikia shemasi akisema "tunakubatiza". Pima uzito wa dakika ile. Asiyebatizwa hawezi kupokea Kipaimara wala Daraja Takatifu. Basi mtu huyu, aliyekwisha kuadhimisha Misa na kusikiliza maungamo, alikuwa akigundua mbele ya kioo cha video kwamba hajawahi kuwa padre, wala hata mkristo kwa sakramenti. Hakusema "lakini mimi najisikia padre". Hakusema "watu wameguswa na mahubiri yangu". Alikwenda kwa wakubwa wake, akabatizwa, akapewa Kipaimara, akapadrishwa, yote ndani ya mwezi ule ule wa Agosti. Na waamini waliopitia mikononi mwake wakaitwa waje, ili yaliyokuwa na kasoro yarekebishwe.

Kwa nini silabi ile ina uzito wote huo? Kwa sababu anayesema "Ni" pale kwenye kisima cha ubatizo si padre. Mtakatifu Augustino aliwaambia waamini wake kwamba Petro akibatiza, abatizaye ni Kristo. Paulo akibatiza, ni Kristo. Yuda naye akibatiza, ni Kristo. Jumuiya ikisema "tunakubatiza", imejiweka mahali pa yule ambaye kazi ni yake.

Na Augustino hakuyasema hayo kwa starehe. Kanisa la Afrika ya Kaskazini lilikuwa limepasuka kwa jambo hilo hilo. Katika mateso yaliyoanza mwaka 303 chini ya Kaisari Diocletianus, baadhi ya makleri, yaani maaskofu, mapadre na mashemasi, waliwakabidhi askari Maandiko Matakatifu yakachomwe moto ili wao waokoe maisha yao. Amani iliporudi, Wadonati, kundi lililojitenga na Kanisa, wakashikilia kwamba mikono iliyosaliti haiwezi kutoa sakramenti, na aliyebatizwa na wasaliti hao au wafuasi wao abatizwe upya. Ukilisikia kwa mara ya kwanza unaona wana haki. Nani anataka mwanawe abatizwe na msaliti? Lakini lifuate hadi mwisho uone linakokufikisha. Mama mwenye mtoto mgongoni itambidi kwanza aujue moyo wa padre. Akishaujua, aujue wa askofu aliyempa padre yule daraja, kisha wa askofu aliyemweka wakfu askofu huyo. Hatalala usingizi. Mtaguso wa Arles, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 314, ulikataa kuwabatiza upya watu waliokwisha kubatizwa kwa imani ya Utatu Mtakatifu. Kanisa lilisema: kilichotendeka kimetendeka, hata kama aliyekitenda ni mtu mbaya.

Nimeanza na kisima cha ubatizo kwa makusudi. Mazungumzo kuhusu ukweli halisi katika imani, yaani ukweli ulio nje yetu, usiongoja tuukubali ndipo uwepo, huwa yanafanyika kana kwamba ukweli huo ni fimbo ya wakubwa. Mkatoliki akisema "hili ni kweli kwa wote", anaonekana mtu wa kutaka kutawala. Mimi naona kinyume chake. Ukweli usiotutegemea ni kimbilio la mnyonge, na Kanisa likiuacha, wa kwanza kuumia ni mama yule mwenye mtoto mgongoni.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alisema ukweli ni kulingana kwa akili na kitu kilivyo. Hapo akili ndiyo inayosafiri kwenda kwenye kitu. Kitu hakisogei kuifuata akili. Kiswahili cha Misa kimeihifadhi maana hiyo vizuri kuliko tunavyofikiri. Jumapili hatusimami na kusema "naona" au "naonelea". Tunasema "Nasadiki", na kulisadiki neno ni kulikubali kuwa ndivyo lilivyo. Halafu yanafuata mambo ambayo hayana habari na hisia za mtu: akazaliwa, akateswa kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato, akafa, akazikwa. Jina la mtawala wa Kirumi limo ndani ya sala yetu kila wiki, na limo kwa sababu jambo lilitokea mahali fulani, mikononi mwa watu fulani, katika miaka ambayo ofisi ile ilikuwa na mtu huyo.

Mtume Paulo ndiye aliyelisema hili kwa ukali kuliko wote. Aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, basi kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure. Mstari huo umezoeleka mno hata hautushtui tena, na unapaswa kushtua. Paulo anaiweka imani nzima juu ya tukio moja, kisha anakupa namna ya kuichunguza: aliwatokea ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, na wengi wao, asema, wangali hai. Maana yake nenda kawaulize. Hakusema ufufuko ni ishara ya tumaini linaloishi mioyoni mwetu. Angesema hivyo asingepata adui hata mmoja, wala asingekatwa kichwa.

Leo kuna msemo unaotumika kutuliza ugomvi: kila mtu ana ukweli wake. Anayeutumia mara nyingi ni mtu mpole, hapendi kuumiza. Lakini uupeleke mahali penye dhuluma uone unavyofanya kazi. Mwajiri ana ukweli wake, kijakazi aliyenyimwa mshahara ana ukweli wake. Sasa nani ataamua? Kama hakuna jambo lililotokea kweli, lililo juu ya wote wawili, ataamua mwenye sauti kubwa, mwenye muhuri, mwenye wakili. Papa Benedikto XVI, siku moja kabla ya kuchaguliwa kwake, tarehe 18 Aprili 2005, alizungumzia udikteta wa mtazamo usiotambua chochote kuwa cha hakika, na unaobakiza nafsi na matamanio yake kuwa kipimo cha mwisho. Wapo waliodhani ametia chumvi kutumia neno udikteta. Mimi nadhani alilichagua vizuri, kwa maana kipimo kikishakuwa matamanio, matamanio ya mwenye nguvu ndiyo yatakayopita.

Papa Yohane Paulo II alikuwa amekwisha kuugusa mshipa huo katika waraka wake wa mwaka 1993, Veritatis Splendor. Alifundisha kwamba yapo matendo ambayo ni maovu kwa yenyewe, popote na kwa yeyote, na hakuna hali inayoyageuza kuwa mema. Wengi waliisoma sehemu hiyo kama orodha ya makatazo. Lakini humo humo aliandika kwamba mbele ya madai ya maadili, bwana wa dunia na maskini kuliko maskini wote ni sawa kabisa. Amri isiyo na msamaha maalumu kwa mkubwa ndiyo ukuta pekee alionao mdogo.

Na dhamiri je? Wapo wanaoitaja dhamiri kama mlango wa nyuma wa kuukwepa ukweli: dhamiri yangu hainisuti, basi yameisha. Kardinali Newman, mwaka 1875, aliitetea dhamiri kwa moyo wote, akakumbusha kwamba ina haki kwa sababu ina wajibu. Saa nayo tunaiheshimu kwa kuwa inafuata jua. Saa inayojipangia majira yake ni pambo la ukutani.

Pingamizi kubwa naliona, nalo halipiti kirahisi: wenye kudai wanao ukweli wamewachoma watu moto. Ni kweli, na Wakatoliki wamo. Mwaka 1633 Galileo alilazimishwa kupiga magoti na kukana kwamba dunia inalizunguka jua. Ila tazama kosa lilikuwa wapi. Kardinali Bellarmino mwenyewe, miaka 18 kabla, alikuwa ameandika barua kwamba endapo itathibitishwa kweli kweli kwamba jua liko katikati, itabidi tuyafafanue kwa uangalifu mkubwa Maandiko yanayoonekana kupinga, na heri tuseme hatuyaelewi kuliko kusema kwamba jambo lililothibitishwa ni uongo. Kanuni sahihi ilikuwapo mezani. Hoja za Galileo wakati ule zilikuwa bado na mapengo. Ile aliyoitegemea sana, ya maji kupwa na kujaa, haikuwa sahihi. Hilo haliwaondolei lawama majaji, waliofunga mlango kabla uchunguzi haujaisha. Walihukumu kwa yale waliyoyazoea badala ya kuacha kitu kijieleze kilivyo. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 7 Desemba 1965 kuhusu uhuru wa dini, ulifundisha kwamba ukweli haujilazimishi isipokuwa kwa nguvu ya ukweli wenyewe, unaoingia akilini kwa upole na kwa nguvu pia. Anayetumia rungu ameonyesha kwamba hauamini ukweli wake kuwa na miguu.

Kwamba kitu kiachwe kijieleze kilivyo, Augustino alilijua tangu ujana wake. Kwa takribani miaka tisa aliwafuata Wamani, yaani wafuasi wa dini ya Mani, ambao pamoja na mafundisho yao ya wokovu walikuwa na habari nyingi za jua, mwezi na nyota. Kijana yule alikuwa amesoma vitabu vya wanafalsafa waliokokotoa kupatwa kwa jua na mwezi: siku, saa, hata sehemu itakayofunikwa. Hesabu zao zilitimia. Za Wamani hazikulingana na kilichoonekana angani. Akauliza, akaambiwa amngoje Fausto, askofu wao mwenye elimu, yeye atalimaliza. Fausto akafika Karthago: mtu mcheshi, msemaji mtamu. Augustino alipopata nafasi ya kumuuliza, Fausto alikiri kwamba hajui. Augustino alimheshimu kwa unyofu huo, lakini akaona kwamba kiu haikatwi na uzuri wa mnyweshaji wala wa kikombe chake. Safari yake ya kuwaacha ikaanzia hapo, kwenye hesabu za kupatwa kwa mwezi! Mtu aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa Kanisa alianza kutoka gizani kwa sababu dini yake ilisema jambo lisilo kweli kuhusu anga, naye hakukubali kuambiwa kwamba hilo si la muhimu maadamu moyo umefarijika.

Mahali ninapouona ukweli huu ukifanya kazi kwa upole na kwa uchungu zaidi ni katika mahakama ya Kanisa inayosikiliza kesi za ubatili wa ndoa. Watu wengi huiita talaka ya Kikatoliki, na jina hilo linapotosha. Talaka husema: ndoa ilikuwapo, sasa tunaivunja. Mahakama ya Kanisa haina uwezo huo. Inachouliza ni kimoja: siku ile, mbele ya altare, watu hawa wawili walipotamka ndiyo, je, ndoa ilifungwa? Kwa sheria za Kanisa ndoa hufanywa na ridhaa ya wahusika, wala hakuna uwezo wowote wa kibinadamu unaoweza kuchukua nafasi ya ridhaa hiyo. Kwa hiyo wanachunguza ridhaa. Alilazimishwa na hofu? Alikuwa ameamua moyoni kwamba hatazaa kamwe, au kwamba ataondoka akichoka, huku mdomo ukiahidi maisha? Alikuwa na uwezo wa kuelewa anachoahidi?

Mashahidi wanaitwa: dada, rafiki wa zamani, aliyesimamia arusi. Barua za miaka ile zinasomwa. Yupo mtu maalumu, mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kuleta kila hoja ya haki inayoonyesha kwamba ndoa ipo, hata pale ambapo wote wawili wanatamani isiwepo. Jaji hatamki ubatili mpaka afikie uhakika wa kimaadili, yaani asibaki na shaka yenye msingi. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha taratibu, hukumu moja ikatosha mahali palipokuwa panahitajika mbili zinazokubaliana, lakini swali halikuguswa. Mwanamke anaweza kufika pale amechoka miaka 20, hampendi tena mumewe, kila jirani anamhurumia, na mahakama ikamwambia: ndoa ilikuwapo, na ipo. Mwingine akafika akijilaumu kwamba ameshindwa kuokoa ndoa yake, akaambiwa kwa ushahidi kwamba alidanganywa tangu siku ya kwanza, hapakuwa na ndoa ya kuokoa. Jibu la kwanza linauma mno, nami sitaki kulipaka sukari. Lakini kama mahakama ingekuwa inatoa majibu kwa huruma tu, lile la pili lisingekuwa na thamani. Angeondoka na karatasi ya kumbembeleza, akijua ni ya kumbembeleza.

Hisia, kwa upande mwingine, zina tabia ya kuondoka. Mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo cha Mama Tereza wa Kalkuta, barua zake za siri kwa waungamishi wake zilichapishwa, na dunia ikashangaa. Kwa karibu miaka 50 mwanamke yule hakumhisi Mungu. Aliandika juu ya giza, ukavu, utupu. Wakosoaji wakasema: kumbe alikuwa akiigiza. Hitimisho hilo ni sahihi kabisa kama imani ni kile unachohisi. Kwa kipimo hicho nusu karne ya maisha yake ilikuwa uongo. Lakini aliamka kila alfajiri akaenda Misa, kwa sababu aliamini aliyekuwa katika Ekaristi yupo, awe amemhisi au hakumhisi. Kisha akatoka kuwaokota watu waliokuwa wakifa barabarani, ambao njaa yao haikupungua siku ambazo yeye alikuwa mkavu. Ninapopitia vipindi vya namna hiyo, vyangu vifupi na vidogo, mawazo matamu kuhusu imani hayanisaidii kitu. Nasimama juu ya kwamba kaburi lilikutwa wazi.

Limebaki jambo ambalo Mkatoliki hana haki ya kuliruka anapoandika juu ya ukweli. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, wapo viongozi wa Kanisa waliojua kwamba watoto wanadhulumiwa na makleri, wakahamisha watu, wakafunga mafaili, wakaita hayo kulilinda Kanisa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Waathirika walioanza kusema waliambiwa wanaleta maoni yao, uchungu wao, chuki yao. Hawakuwa wanaomba kusikilizwa hisia. Walikuwa wanasema: hili lilitokea. Neno hilo moja ndilo lililokuwa silaha yao yote dhidi ya taasisi yenye kila kitu.

Januari 2018 Papa Fransisko, akiwa ziarani Chile, aliulizwa na mwandishi wa habari kuhusu askofu aliyetuhumiwa kufumbia macho dhuluma za padre mmoja. Papa akajibu kwamba hakuna ushahidi, ni kashfa za kumchafulia mtu jina. Alikuwa Papa, alisema mbele ya dunia, na huenda alisema alichokiamini. Waathirika hawakunyamaza. Mwishoni mwa mwezi huo huo akamteua Askofu Mkuu Charles Scicluna wa Malta akasikilize. Zilikusanywa shuhuda 64, na ripoti ikazidi kurasa 2,300. Papa akaisoma. Mwezi Aprili akawaandikia maaskofu wa Chile kwamba amefanya makosa mazito katika kuipima hali ile, akaomba msamaha kwa wote aliowakosea. Mwishoni mwa mwezi huo wanaume watatu, walioumizwa ujanani na kuitwa waongo kwa miaka mingi, walifika Vatikano wakakaribishwa Santa Marta, nyumba aliyokuwa akiishi mwenyewe. Alikutana nao mmoja mmoja, kwa muda mrefu, akawaomba msamaha uso kwa uso.